Ng'ambo Gani, Saa Ngapi: Kupiga Picha Madaraja na Viwanda Vikongwe vya St. Louis

Ukiona picha ya daraja la Eads iliyopauka, mbingu nyeupe na chuma cheusi tii, usikimbilie kuilaumu kamera. Mara nyingi mpigaji alisimama ng'ambo isiyofaa, saa isiyofaa. Katika miji ya mito ya katikati ya Marekani, mto ndio uliochagua bohari zijengwe wapi, reli ipite wapi na daraja liruke kutoka wapi. Huo huo ndio utakaokupangia mwanga. Mwongozo huu unafuata St. Louis, Missouri, kwenye mto Mississippi, na kuchungulia miji mingine pale inapotofautiana. Saa zote humu ni za Kiswahili: saa 1 asubuhi ndiyo ambayo simu za huko huandika 7:00.

Anza na mto unakoelekea

Fungua ramani kabla hujafungua begi. Mbele ya St. Louis, Mississippi inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Jiji liko ukingo wa magharibi, Illinois iko mashariki. Ukisimama Illinois asubuhi, jua liko mgongoni mwako na linaupiga uso wa jiji moja kwa moja. Jioni linazama nyuma ya majengo, nawe unabaki na vivuli vyeusi mpaka taa ziwake. Ukiwa upande wa jiji unatazama mtoni, mambo yanageuka: asubuhi jua usoni, alasiri jua mgongoni.

Mto Ohio ni habari nyingine. Mbele ya Cincinnati unapita, kwa ujumla, kutoka mashariki kwenda magharibi, na jiji liko ukingo wa kaskazini. Kutoka Covington, Kentucky, unatazama kaskazini, na jua la mchana, ambalo huko hukaa kusini mwaka mzima, linatoka nyuma yako karibu siku nzima. Ndiyo maana daraja la kuning'inia la Roebling, lililofunguliwa rasmi mwaka 1867 likiwa na futi 1,057 kati ya minara yake miwili, halimsumbui mtu aliyesimama Covington, hata saa 5 asubuhi ya Januari. Louisville iko mto huo huo lakini ukingo wa kusini. Ukivuka kwa miguu daraja la Big Four, lililokuwa la treni, ukafika Jeffersonville, Indiana, na kugeuka kulitazama jiji, jua linakuwa usoni. Pale usipoteze mchana wako. Nenda kwa ajili ya utusitusi.

Minneapolis mto unakwenda kusini-mashariki kwenye maporomoko ya Saint Anthony. Vinu vya unga vya ukingo wa magharibi, pamoja na magofu ya Washburn A ambayo sasa ni makumbusho ya Mill City, vinataka asubuhi. Kinu cha Pillsbury A cha mwaka 1881, kilicho ng'ambo ya pili, kinataka jioni.

Jua la kule si la ikweta

Aliyezoea Goma, Kampala au Nairobi amezoea jua linalochomoza karibu saa ile ile mwaka mzima na giza linaloingia kama pazia. St. Louis iko takriban nyuzi 38.6 kaskazini, na tofauti ni kubwa. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kaskazini-mashariki kabisa, nyuzi 59 hivi kwenye dira, na kuzama kwenye nyuzi 301. Mwishoni mwa Desemba huchomoza kwenye nyuzi 120 na kuzama kwenye 240. Juni linatoka kama saa 11:35 alfajiri na kuzama karibu saa 2:30 usiku. Desemba linatoka saa 1:15 asubuhi, na saa 10:45 jioni limekwisha.

Hii ina maana moja ya kikazi. Ukuta unaotazama kaskazini hauguswi na jua la moja kwa moja majira ya baridi yote. Unaupata tu kati ya mwisho wa Machi na Septemba, mapema asubuhi au jioni sana, na kwa muda mrefu zaidi mwezi Juni. Ukiutaka uso huo uwe na mwanga, panga safari ya Juni. Ukikosa, upige siku ya mawingu ambapo hakuna upande wenye upendeleo.

Utusitusi nao ni mrefu kuliko wa nyumbani. Karibu na ikweta unapata dakika 21 au 22 kati ya jua kuzama na giza kuanza kukamata, St. Louis unapata kama 30. Programu kama PhotoPills au The Photographer's Ephemeris zitakuchorea mstari wa jua juu ya ramani kwa tarehe na saa yoyote. Tumia moja, usikisie.

Angalia kina cha maji siku moja kabla

Kipimo cha mto cha St. Louis husomwa kwa futi na kuchapishwa mtandaoni na idara ya hali ya hewa ya taifa. Sifuri ya kipimo hicho ni alama tu iliyowekwa zamani, si sakafu ya mto, ndiyo maana kinaweza kusoma chini ya sifuri: Januari 1940 kilisoma futi 6.2 chini yake. Mafuriko huhesabiwa kuanzia futi 30. Tarehe 1 Agosti 1993 maji yalifika futi 49.58.

Maji yakiwa chini, mteremko wa zamani wa mawe ya kupanga, walikofungwa meli za mvuke, unajitokeza mpaka chini, na mistari ya mawe inalivuta jicho kuelekea daraja. Yakikaribia 30, mteremko huo unamezwa, na barabara ya Leonor K. Sullivan iliyo ukingoni ndiyo ya kwanza kufungwa. Maji yanapopungua baada ya mafuriko, mawe hubaki na utando wa matope unaoteleza kuliko sabuni. Wengi huanguka hapo, kamera mkononi, wakirudi nyuma kutafuta fremu. Vaa viatu vyenye meno, na usitembee kinyumenyume.

Begi

Lenzi mbili zinatosha: za milimita 24–70 na 70–200, au zinazolingana nazo kwa kamera ya sensa ndogo. Lenzi pana kuliko 24 inavutia dukani, ila kwenye ukingo wa mto inajaza fremu maji matupu na kulifanya daraja kuwa uzi. Ongeza tripodi nzito kidogo yenye ndoano ya kuning'inizia begi, rimoti ya shata (au saa ya sekunde 2 iliyomo ndani ya kamera), filta ya polaraiza, filta moja ya giza ya stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kitambaa, na betri 3. Filta ya stopu 10 si lazima. Sababu iko mbele.

Baridi inakula betri. Chini ya sifuri, betri iliyokuwa imejaa inaweza kujizima baada ya picha chache, kisha ikafufuka ikipashwa joto. Weka za akiba mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, uwe unabadilishana nazo. Ukirudi ndani usifungue begi mara moja: hewa ya ndani yenye unyevu itaganda kuwa matone juu ya lenzi baridi na hata ndani yake. Kabla hujaingia, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kisha iache humo saa moja au mbili. Toa kadi ya kumbukumbu ukiwa bado nje kama una haraka ya kuona picha.

Mipangilio ya kuanzia

Piga faili za RAW, yaani ghafi. ISO 100 ukiwa na tripodi. Tundu la lenzi liwe f/8 hadi f/11. Ukibana zaidi ya f/16 picha nzima inaanza kulainika, na ribiti ndogo ndogo ndizo za kwanza kupotea. Fokasi ya mkono kwa kukuza kwenye skrini: lenga ukingo wa chuma, usilenge anga wala maji.

Chini ya madaraja tofauti ya mwanga ni kubwa, uvungu mweusi na mbingu inayong'aa. Piga tatu bila kugusa tripodi: ya kawaida, ya stopu 2 chini, ya stopu 2 juu. Utaziunganisha nyumbani. Msafara wa matishari ukiwa unapita, kuunganisha kutaleta mizimu majini, kwa hiyo hapo piga moja tu, ukiilinda mbingu isiungue, na vivuli uvivute baadaye.

Sasa, kuhusu maji ya kulainishwa. Mississippi hapa ina rangi ya udongo. Ukiiachia sekunde 30 mchana inageuka chai ya maziwa iliyomwagwa: sare, haina mkondo, haina uzito. Robo sekunde hadi sekunde 1 inalainisha vimawimbi na bado inaonyesha kwamba mto unakwenda. Filta ya stopu 6 huzidisha muda mara 64, kwa hiyo 1/60 inakuwa sekunde 1 hivi, ndiyo maana inatosha. Ya stopu 10 huzidisha mara 1,024 na kukupa sekunde 17, ambayo ni chai.

Vituo vinne, kwa mpangilio wa siku moja

*Kwanza: jukwaa la Malcolm W. Martin Memorial Park, East St. Louis, alfajiri.* Bustani hii iko Illinois, moja kwa moja mbele ya Tao la Gateway, mnara wa kumbukumbu wa jiji, na ina njia ya mteremko inayokupandisha juu ya tuta. Kutoka mjini unaweza kuja kwa treni ya MetroLink, ushuke kituo cha East Riverfront na kumalizia kwa miguu. Kagua kwanza saa za bustani kufunguliwa.

1. Fika dakika 40 kabla ya jua kuchomoza. Weka tripodi katikati ya jukwaa ili miguu ya Tao ionekane sawa kwa sawa.
2. Anza na milimita 50. Tao lina urefu wa futi 630 (mita 192), na upana wake chini ni futi 630 vilevile. Lenzi hii inalibeba zima pamoja na majengo ya pembeni. Ukiona linaonekana refu kuliko lilivyo pana, umesimama kando.
3. Piga ya kwanza taa za jiji zikiwa bado zinawaka: f/8, ISO 100, sekunde 4 hadi 15.
4. Jua likishatoka, subiri dakika 5 hadi 10. Mwanga unagusa kilele kwanza kisha unashuka. Vazi la nje la Tao ni chuma kisichoshika kutu, na kinachukua rangi ya chochote kilicho mbele yake: alfajiri rangi ya waridi, mchana nyeupe ya kuumiza macho. Punguza nusu stopu hadi stopu nzima na uikague histogramu (grafu ya mwanga ya kamera), kwa sababu kamba ya mwanga kwenye ukingo wa Tao huungua wakati picha iliyobaki iko sawa.
5. Kabla ya kuondoka geuka. Silo za nafaka za Cargill ziko jirani na bustani, na mwanga huo huo wa chini unachonga mviringo wa kila silo.

Ukitaka Tao lenye taa za usiku, kumbuka kwamba Mei na Septemba taa hizo huzimwa kwa ajili ya ndege wanaohama. Soma matangazo ya hifadhi ya Tao kabla ya kufunga safari.

*Pili: daraja la Eads, saa 2 hadi saa 4 asubuhi.* Lilifunguliwa tarehe 4 Julai 1874, likiwa na matao matatu ya futi 502, 520 na 502, kazi ya James Eads, na ni miongoni mwa madaraja makubwa ya kwanza duniani kutumia chuma cha pua (feleji) kama nguzo ya kazi nzima. (Wiki chache kabla ya ufunguzi alivushwa tembo, kwa imani ya watu wa siku zile kwamba tembo hakanyagi daraja bovu.) Daraja linakwenda mashariki-magharibi, kwa hiyo lina uso wa kusini wenye jua na uso wa kaskazini wenye kivuli.

Uso wa kusini upige kutoka ukingoni chini ya Tao, ukitazama kaskazini. Mwanga wa asubuhi unakuja kwa pembeni kutoka kulia, unatenganisha mabomba ya chuma ya kila tao na kuyachimba mawe ya nguzo. Saa 6 mchana mabomba hayo yanalala bapa kama mchoro wa penseli.

Uso wa kaskazini uko Laclede's Landing, mtaa wa bohari za zamani. Hapo kila mtu anataka ile fremu ya Tao la Gateway likichungulia ndani ya tao la daraja, na karibu kila mtu anaipiga mchana na kupata uvungu mweusi na mbingu nyeupe. Iache mpaka utusitusi: dakika 15 hadi 35 baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa ya nili na taa zimewaka, tofauti ya mwanga inashuka na picha moja inatosha.

Ukipiga ukiwa juu ya daraja lenyewe, tatizo ni mtikisiko. Magari yako sakafu ya juu, treni za MetroLink sakafu ya chini. Katikati ya tao ndiko kunakocheza zaidi. Simama juu ya nguzo ya mawe. Usiweke mguu wa tripodi kwenye maungio ya sakafu. Subiri treni ipite, hesabu hadi kumi, ndipo ubonyeze. Kwa mkono, usishuke chini ya 1/250. Sheria hiyo hiyo inafaa Roebling kule Cincinnati, ambako sakafu ya wavu wa chuma inavuma gari likipita: jibanze karibu na mnara.

*Tatu: bohari ya Cotton Belt na ukingo wa kaskazini, mchana wa mawingu au alasiri.* Jengo hili la mizigo ya reli, la miaka ya 1911 hadi 1913, lina ghorofa tano, urefu wa futi 750 na upana wa futi 30 tu: ukuta zaidi kuliko nyumba. Kosa la kawaida ni kusimama katikati na kuizungusha kamera ili kuunganisha panorama. Ukuta ulionyooka unapinda kama ndizi. Badala yake tembea sambamba na ukuta. Chagua umbali mmoja, tuseme mita 40, lenzi 35, kamera ikitazama ukuta kwa pembe mraba. Piga, sogea hatua 35 hivi, piga tena, ukihakikisha kila fremu inarudia theluthi moja ya iliyotangulia. Kwenye programu chagua muunganiko wa bapa, si wa duara. Vitu vilivyo mbele ya ukuta, kama nguzo za umeme, vitajirudia mara mbilimbili. Ni kazi ya kusafisha kwa mkono, hakuna ujanja.

*Nne: Old Chain of Rocks, siku yake peke yake.* Daraja hili la 1929, lililowahi kubeba Route 66, ile barabara kuu maarufu ya zamani, liko kaskazini mwa jiji, sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli tu. Lina urefu wa kilomita 1.6 hivi na kona katikati yake, na kona hiyo ndiyo picha: simama mita 60 kabla yake, lenzi 70–100, vyuma vya juu vibanane kimoja nyuma ya kingine. Upande wa kusini iko minara miwili ya mawe ya kuchota maji ya jiji, wa 1894 na wa 1915, iliyojengwa mtoni kama vijumba vya kifalme. Ukiwa darajani unaitazama ukielekea kusini, kwa hiyo nenda mapema asubuhi upate mwanga wa ubavuni. Saa 6 mchana ni vivuli tu.

Usingoje matishari hapo. Tangu 1953 mizigo hupita kwenye mfereji wa Chain of Rocks, upande wa Illinois, kuukwepa mwamba wa mtoni. Matishari yanapigwa mbele ya jiji. Hapo mfereji na kufuli ya mwisho (kizimba chenye milango cha kupandisha na kushusha vyombo), namba 27, viko nyuma, na kutoka St. Louis kwenda chini hakuna kufuli tena, hivyo misafara inakuwa mikubwa kuliko ile ya matishari 15 ya huko juu. Na usiache begi ndani ya gari kwenye maegesho yoyote ya ukingo, hata kwa dakika tano, hata chini ya kiti.

Wima iwe wima

Fundi ujenzi ana pima maji na timazi. Nawe unavyo vyote viwili ndani ya kamera. Washa alama ya usawa wa elektroniki. Dohani inayoonekana kuanguka nyuma imetokana na kamera iliyoinuliwa juu. Dawa ni kurudi nyuma na kuiacha kamera ikitazama mbele tu.

Kwa kiasi gani? Kwa sensa kubwa na lenzi ya 24 iliyosimamishwa wima, unahitaji umbali wa mara 1.33 ya kimo cha jengo. Dohani ya mita 60 inataka mita 80. Ukiilaza kamera, mara 2: mita 120. Kwa lenzi ya 35 iliyosimamishwa wima ni karibu mara 2 pia. Nusu ya chini ya fremu itakuwa barabara na majani, utaikata baadaye. Nafasi ikikosekana, inua kamera lakini acha hewa, kama asilimia 20 kila upande, kwa sababu programu ikinyoosha mistari inakula pembe. Usinyooshe kwa asilimia 100. Jengo refu lililonyooshwa kabisa linaonekana pana juu kuliko chini. Acha kidogo, tuseme 85. Lenzi ya shifti, inayosogea juu bila kuinua kamera, inamaliza mjadala wote huu, ila bei yake ni ya mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Kwa kuvuka mto na lenzi ndefu kuna tatizo jingine ambalo halirekebishiki: joto. Mchana wa Julai hewa juu ya lami na mawe inachemka, na mistari ya madirisha inatetemeka kwenye picha hata kama tripodi ni ya zege. Hakuna lenzi ya kuponya hilo. Piga kabla ya saa 3 asubuhi.

Kutu, matofali na chuma kitupu

Kutu inapendeza chini ya mawingu, na zaidi baada ya mvua. Weka mizani ya rangi kwenye Kelvin 6,000 hadi 6,500. Ukiiachia kamera ijiamulie, itaona rangi ya chungwa imezidi na kuifuta, nawe utabaki na kahawia isiyo na uhai. Matofali mekundu ya St. Louis yanataka kinyume chake, jua la ubavuni linalokwaruza ukuta: saa ambayo jua linakaribia kwenda sambamba na ukuta, kila tofali linatupa kivuli chembamba na maandishi ya rangi yaliyofifia, ya bia na unga na mbegu, yanajitokeza tena.

Polaraiza inaondoa mng'ao wa maji, vioo, majani na rangi iliyopakwa, na inakula stopu 1.5 hadi 2. Haiondoi mng'ao wa chuma kitupu, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye chuma hautii amri yake. Usihangaike kuizungusha mbele ya Tao.

Mipaka

Ukiwa mahali pa umma, kama njia ya miguu, bustani au daraja lililo wazi, unaruhusiwa kupiga picha ya chochote kinachoonekana kutoka hapo. Reli si mahali pa umma, hata kama nyasi zimeota. Ni mali binafsi, na kusimama juu yake kwa ajili ya fremu ni kosa. Kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado ziko mezani kwa ofisa, hati ya mashtaka ya kuingia bila ruhusa si jambo la kuchezea. Walinzi wakija, salimia, eleza unapiga jengo gani, mikono ionekane, na ukiwa kwenye eneo lao ondoka bila mabishano.

Droni: ya kujifurahisha ya gramu 250 na zaidi, na ya kazi ya malipo ya uzito wowote, husajiliwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Wa kujifurahisha hufanya mtihani wa TRUST, anayelipwa huhitaji cheti cha Part 107, na mwisho wa kimo ni futi 400. Kwenye eneo la Tao, kama hifadhi nyingine za taifa, kurusha na kutua ni marufuku. Siku za mechi za Busch Stadium, uwanja wa besiboli, anga hufungwa maili 3 za baharini kuzunguka uwanja, kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada.

Ndani ya viwanda vilivyoachwa, ingia kwa ruhusa ya maandishi tu. Mwenye jengo hupatikana kwa kutafuta anwani kwenye kumbukumbu za mali za jiji. Mengi yaliyotelekezwa yako chini ya Land Reutilization Authority, mamlaka ya jiji ya mali zilizoachwa. Hata ukiruhusiwa, sakafu za mbao zinaoza kuanzia katikati, kwa hiyo tembea pembezoni, juu ya mihimili. Rangi inayobanduka huenda ina madini ya risasi: nawa mikono kabla ya kula. Kinyesi cha njiwa na popo ndicho hatari isiyoonekana. Mabonde ya Ohio na Mississippi yanajulikana kwa kuvu wa Histoplasma unaoshambulia mapafu, na vumbi la kinyesi kilichokauka hubeba mbegu zake. Barakoa ya N95, na usifagie kitu ili picha ipendeze.

Kurudia picha ya zamani

Maktaba ya Bunge la Marekani ina picha na michoro ya Historic American Engineering Record, mradi ulioanza 1969, na zinapakuliwa bure. Chagua moja ya daraja au kinu unachokwenda, ichape kwenye karatasi. Ukifika, tafuta vitu vitatu vilivyo kwenye picha na bado vipo: cha karibu, cha kati, cha mbali. Sogea kushoto au kulia mpaka cha karibu kikate cha mbali pale pale kilipokikata zamani. Kisha sogea mbele au nyuma mpaka pengo kati ya viwili lilingane. Kimo ndicho cha mwisho: panda au chuchumaa. Kuza kwa lenzi baada ya kupata mahali, kamwe si kabla, maana lenzi haibadilishi mpangilio wa vitu. Miguu yako ndiyo inayobadilisha. Kama vivuli vya zamani vinaonekana vizuri, tumia programu ya jua kukisia saa na majira, urudi siku inayofanana.

Maelezo ya kila picha

Nakili kadi mahali pawili jioni hiyo hiyo kabla ya kuifuta. Kwenye faili andika jina la jengo, uso gani, umesimama wapi, unatazama wapi, tarehe, saa na usomaji wa kipimo cha mto. Mfano: *Daraja la Eads, uso wa kusini, kutoka mawe ya ukingoni kaskazini mwa Tao; tazamo kaskazini; saa 2:40 asubuhi; mto futi 11; mawe matupu mpaka mstari wa tatu wa pete za kufungia meli.*